Ikishuka, Ipande Mara Moja

Kaa hapo kwenye tairi bovu, Shekuwe, usiguse kitu.
Nionyeshe kwanza mkono uliokata springi hizi.
Huo huo? Kwa msumeno wa chuma,
usiku, tochi ya simu mdomoni,
mizunguko miwili mbele, mmoja na nusu nyuma,
ili gari lilale chini kama lile uliloliona pichani?
Limelala, ndiyo.
Limelala kama mgonjwa.

Njoo uone. Tairi la kushoto limeliwa upande wa ndani
hadi nyuzi zinachungulia.
Kikulacho ki nguoni mwako;
chako wewe umekipulizia rangi nyekundu.

Jumapili nilikusikia ukitoka Maweni.
Sikukuona, nilikusikia:
tuta la shule, ndu!
tuta la msikiti, ndu!
Shokomzoba zimegota, chuma kinapiga chuma,
na mama yako kiti cha nyuma ameshika taya.
Ukaenda hadi Gongoni, barabara ya chumvi,
ukaachwa na Demio ya mwalimu wa hesabu.
Usinune. Habari hufika gereji kabla ya gari.

Ulikaza, ukakaza tena,
ukadhani ugumu ndio nguvu.
Tairi lisilogusa ardhi haliendeshi kitu,
linapiga soga na upepo.

Gari fupi kama hili lina tabia yake.
Injini imekaa juu ya miguu ya mbele
kama mama mkwe sebuleni: kila mtu ampishe.
Ukiingia kona na mguu mzito, pua inakataa,
inanyoosha moja kwa moja hadi kwenye mihogo ya watu.
Ukiogopa, ukaachia mafuta ghafla,
mkia nao unakuja kuuliza kulikoni.
Baina ya kukataa na kuuliza pana nafasi
isiyozidi unene wa bushi ya mpira.
Humo ndimo ilimo riziki yangu.

Tazama uzi huu wa cherehani, jiwe hadi jiwe, pande zote mbili.
Nimepima kwa futi ya marehemu baba, mshona kanzu,
aliyesema mteja hudanganya, kiuno hakidanganyi.
Vidole vya mbele vilikuwa vimepeana visogo;
nimevipatanisha.
Matege nimeyanyoosha, nimebakiza kidogo kwa makusudi:
mguu ulionyooka mno hauchezi ngoma.
Springi ni za kiwandani, nimezitoa kwenye gari la daktari
lililogonga punda Mambrui. Punda mzima.
Na huku nyuma stabilaiza mpya, nene kwa milimita tatu.
Ukishavuka daraja la Sabaki, ile kona ya kulia,
utahisi mguu wa nyuma wa ndani umeinuka
kama wa mbwa aliyeona nguzo.
Usishtuke, usikanyage breki.
Ndivyo linavyocheka.

Hizi ulizokata nabaki nazo.
Ona ukutani: jozi kumi na saba,
kila moja ina jina la kijana na mwaka.
Wawili kati yao sasa wananiletea magari ya watoto wao.
Mmoja hakurudi. Springi yake ni ile isiyo na vumbi;
naifuta mwenyewe.

Haya, simama. Bonyeza boneti, hapa juu ya taa,
kwa uzito wako wote. Achia.
Umeona? Imeshuka, imepanda mara moja, imetulia.
Ikipanda mara mbili, shokomzoba imechoka.
Ikikataa kushuka, ni kiburi,
na kiburi barabara ya huku hukipiga kwa matuta.

Elfu kumi na mbili. Uzi sikutozi.
Basi njoo upande huu unipe mkono.
Goti langu la kulia bushi yake imekwisha,
na hospitali kuu wanasema spea hakuna.
Nivute.
Si hivyo, taratibu.
Mara moja.
Tulia.